Mahali Nilipomlaza Kipkemei

Mimi ndiye niliyemlaza Kipkemei kwa banda la kuzalishia kondoo. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Dundori wakisimulia habari hii huniruka kwa heshima. Wanasema ugonjwa ulimkuta bandani, kana kwamba alienda huko kutembea. Hakwenda kutembea. Nilimpeleka mimi, Odero, dresa wa shamba, mwenye diploma ya miaka mitatu iliyo ndani ya fremu ya kioo ukutani mwa zahanati. Blanketi lake nililibeba mwenyewe. Nikamtandikia majani makavu, nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama kazi yangu kama fundi aliyemaliza kitanda, nikajisifu.

Sikieni sababu zangu, halafu mnicheke.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa hamsini na sita, mvua imeanza, na baridi ya Dundori mnaijua: ni baridi ya kumfanya mtu avae soksi mikononi. Kipkemei alikuwa mchungaji mkuu wa kondoo wa Mzungu mwenye shamba tuliyemwita Soksi, kwa vile zake zilifika magotini na alizivuta juu kila alipotaka kufikiri. Kipkemei alianza na kichwa kuuma nyuma ya macho, halafu homa, jasho la kulowesha shati, halafu kikohozi kikavu. Siku hizo, mtu akikohoa wiki mbili shambani, hatukuuliza mengi. Ni kifua kikuu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na Kipkemei alilala chumba kimoja na mkewe Jepchumba na watoto wanne, mkubwa wao Kimaiyo.

Basi nikapiga hesabu yangu ya msomi. Mtoe kwa watoto. Mpe joto. Na ukiacha kitanda cha Soksi mwenyewe, mahali penye joto kuliko pote kwenye shamba lile palikuwa banda la kuzalishia, ambamo kondoo arobaini walipumua pamoja milango imefungwa. Nilikuwa nimesoma kwamba Wazungu wenye kifua kikuu hupelekwa mlimani. Mlima tulikuwa nao tayari.

Kipkemei mwenyewe alifurahi. Ulikuwa msimu wa kuzaa, na mtu yule hakupenda kuwa mbali na kondoo wake. Tena mwaka ule kondoo walikuwa wakiharibu mimba. Karibu kila siku mmoja alitupa mtoto mfu. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, nikasema pole, nikaenda zangu kunywa chai. Sikuuliza.

Nilituma makohozi yake Nakuru na lori la maziwa. Yakarudi safi. Nikatuma tena. Yakarudi safi. Nikasema moyoni, hawa vijidudu wamejificha, nikaendelea kumdunga penisilini asubuhi na jioni, wiki ya pili, wiki ya tatu.

Jumatatu moja asubuhi, Jepchumba akaingia zahanati bila kupanga foleni. Ni mama mfupi, anaongea polepole, na akikutazama unakumbuka makosa yako yote.

"Dresa," akasema, "nimekuja kuuliza. Hii dawa unamdunga baba Kimaiyo, inaponya yeye ama inaponya kikohozi?"

"Mama Kimaiyo, dawa inataka muda."

"Muda imepata. Kikohozi kimenona. Yeye ndiye amekonda."

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Mimi pia nikacheka kidogo, maana alikuwa ananichapa vizuri.

"Anakula?"

"Hali. Na halali."

"Kikohozi ndicho kinamwamsha."

"Sikusema anaamka, Dresa. Nimesema halali. Anakaa usiku mzima ameegemea fimbo mbele, hivi." Akainama juu ya meza yangu, mikono miwili mbele, paji la uso juu ya mikono. "Nikimlaza chali anasema kuna mtu amemkalia kifuani. Nikimwinua, anapumua. Wewe uliyesoma, hiyo ni kifua kikuu ya namna gani?"



Nikachukua mipira yangu ya kusikilizia kifua, nikamfuata.

Bandani tulimkuta vile vile alivyonionyesha, ameketi juu ya majani, fimbo wima katikati ya magoti, kichwa kimelala juu ya fimbo. Juu yake, kwenye mbao za paa, zilining'inia ngozi za watoto wa kondoo waliokufa, ndogo ndogo, zimekauka mpaka zinagongana na upepo. Kila zikigongana, vumbi lilishuka polepole kwenye mwanga wa mlangoni. Sasa nikilikumbuka vumbi lile, mwili hunisisimka. Siku ile nililipungia mkono tu lisiniingie puani.

"Mtu wa samaki," Kipkemei akasema bila kuinua kichwa, jina alilonipa kwa kuwa natoka ziwani, "umekuja kuona kama kondoo wamenichoka?"

"Nimeambiwa unakoroma, hawalali."

Nikaona mishipa ya shingo yake. Ilikuwa imesimama kama kamba za hema. Nikabonyeza mguu wake juu ya kifundo, kidole kikaacha shimo. Nikaweka mipira kifuani. Mapafu yalikuwa yanachakarika chini, hilo nililijua. Lakini nilipofika upande wa moyo nikasikia sauti nyingine, kavu, inakwenda na kurudi, kama ngozi mpya inasuguana. Kama tandiko la farasi, Soksi akipanda.

Nilikuwa nimenunua mshipi mpya wa ngozi wiki ile. Nikasema, ni huu mshipi wangu. Nikaufungua, nikautupa kando, nikainama tena kusikiliza, na suruali ikashuka mpaka magotini.

Kipkemei akacheka. Mara akakunja uso, akashika kifua, kicheko kikakatikia hapo. Jepchumba hakucheka kabisa.

Nikashika suruali kwa mkono mmoja, nikasikiliza kwa mwingine. Sauti bado ipo. Haikuwa mshipi. Ulikuwa moyo wake, unasugua mfuko wake kila unapopiga. Ugonjwa ulikuwa umetoka mapafuni, umehamia kwa jirani.

"Tunaenda Nakuru," nikasema.

"Ijumaa?" akauliza Jepchumba, maana Ijumaa ndiyo siku lori lilipeleka sufu.

"Leo."

"Mimi siendi," Kipkemei akasema. "Ona yule." Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye kona palikuwa na mtoto wa kondoo anayelia, amesimama kwa miguu ya kuazima. "Mama yake amekufa alfajiri. Na yule jike kule amezaa mfu. Nikienda, nani atamvisha?"

Hiyo ndiyo kazi iliyomfanya ajulikane mpaka mashamba ya jirani ya Bahati. Kondoo jike hakubali mtoto wa mwingine. Atamnusa, atampiga kichwa, atamwacha afe na njaa. Kwa hiyo Kipkemei alimchuna yule mtoto aliyekufa, akamvisha yatima ile ngozi kama koti. Mama akinusa anakuta harufu ya wake, anatulia, ananyonyesha. Baada ya siku mbili tatu unavua koti, na hakuna anayeuliza. Wengine walijaribu, kondoo wakawakataa. Kipkemei hakukataliwa.

"Kiprugut atamvisha," nikasema. Kiprugut alikuwa msaidizi wake.

"Kiprugut anavisha kama anayefunga mzigo wa kuni."

Tungebishana mpaka jioni. Jepchumba hakubishana. Aliinama, akachomoa ile fimbo kutoka mikononi mwa mumewe, taratibu, akamwegemeza kwenye nguzo ili asianguke, akatembea mpaka mlangoni.

"Fimbo yako inaenda Nakuru," akasema. "Ukiitaka, ifuate."

Soksi nilimkuta kwenye ghala. Nikamweleza.

"Wewe nataka lori leo?" akasema, kwa kile Kiswahili chao cha shamba. "Kondoo nazaa sasa. Nani naangalia?"

"Bwana, huyu akifa wiki hii, mwaka ujao nani ataangalia?"

Akavuta soksi ya kulia. Mimi sikungoja avute ya kushoto. Nikaenda nikaketi juu ya bampa ya lori na begi langu mapajani, kama mtu anayengoja gari moshi. Alitoka, akaniona, akatazama mawingu, akamwita Waithaka dereva.

Kipkemei hakuweza kulala chali, basi tukampakia nyuma akiwa ameegemea robota la sufu kwa tumbo, amelikumbatia. Jepchumba upande huu, mimi upande ule. Chini ya mlima palikuwa na kizuizi. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, na Waithaka, kwa kuwa ni Mkikuyu, alishushwa kama kila siku atoe kitabu chake cha kusafiria. Askari akakigeuza, akakigeuza tena. Kibali kilisema Ijumaa.

"Leo ni Jumatatu," askari akasema.

"Najua, afande," akasema Waithaka. "Hata mimi nilishangaa."

Niliona inaelekea kuwa ndefu. Nikashuka, nikamwomba yule askari apande nyuma kidogo. Nikamwekea mipira masikioni, upande wa pili nikauweka juu ya kifua cha Kipkemei. Askari akasikiliza. Uso ulibadilika. Akavua mipira, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Hiyo ni moyo?"

"Ndiyo, afande."

"Endesha," akamwambia Waithaka. "Endesha, na usipige breki ovyo."

Hospitalini Nakuru palikuwa na daktari Mhindi ambaye watu walimwita Miwani, kwa kuwa alivaa moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Alimpiga Kipkemei picha ya kifua, akaitundika dirishani. Moyo ulikuwa umejaa pale katikati, mpana chini, mwembamba juu.

"Kibuyu cha maziwa ya mursik," akasema Kipkemei, ambaye tulidhani hatazami.

"Kimejaa maji," Miwani akasema. "Maji yamezunguka moyo, unashindwa kupanuka." Akanigeukia mimi. "Makohozi?"

"Safi mara mbili."

"Penisilini?"

"Wiki tatu. Haikugusa kitu."

"Anafanya kazi gani?"

"Mchungaji wa kondoo, Daktari."

"Kondoo wenyewe wazima?"

Hapo ndipo nilipowakumbuka wale watoto wafu. "Mwaka huu wanaharibu mimba," nikasema. "Wengi."

Miwani akashusha ile miwani ya kwenye paji, akaivaa juu ya nyingine. "Yeye ndiye anawazalisha?"

"Ndiyo."

"Na tangu aanze kukohoa, amekuwa akipumzika wapi?"

Ningeweza kusema nyumbani. Jepchumba alikuwa pale, na najua asingenisuta mbele ya daktari. Kipkemei hakuwa na pumzi ya kunisuta. Diploma yangu ilikuwa Dundori ukutani, haina masikio. Neno moja tu, nyumbani, na ningerudi kwangu nikiwa dresa yule yule. Lakini niliiona kalamu yake. Muda wote ilikuwa inaandika hata nilipokuwa naongea, na sasa ilikuwa imesimama. Alikuwa anangoja jibu hili kuliko yale mengine yote.

"Bandani," nikasema. "Banda la kuzalishia. Nilimlaza mimi mwenyewe, juu ya majani waliyozalia. Wiki tatu."

Jepchumba akaniangalia. Mpaka leo sijui aliniangalia namna gani, kwa sababu sikumwangalia.

Miwani hakunikaripia. Kalamu ikaanza tena. "Umenipunguzia siku kumi za kutafuta," akasema. Akaeleza, huku anaandika. Kuna ugonjwa ambao si wengi wanaupata, na wengi wa wanaoupata hupona bila kujua walikuwa nao. Mdudu wake anakaa ndani ya zalio, ile ngozi ya majimaji inayomfuata mtoto wa kondoo. Zalio likikauka, mdudu hafi. Anageuka vumbi. Mtu analivuta, linaingia mapafuni, na kwa mtu mmoja mmoja, kwa bahati mbaya, linasogea mpaka kwenye moyo. Penisilini haimwezi. Hata jina halisi hawakuupa, akasema. Wale wa kwanza kuuona hawakuujua, wakaupa herufi moja tu, Q, maana yake kwao ni swali.

"Basi hiyo herufi ni yangu," nikasema. "Mimi ndiye sikuuliza."

"Damu yake itaenda kwa ndege mpaka Afrika Kusini kupimwa," Miwani akaendelea. "Jibu litachukua wiki nyingi. Moyo wake hauna wiki nyingi. Dawa iko, inaitwa teramaisini, ataanza leo hii. Lakini kwanza lazima maji yatoke." Akanishika mkono akanivuta pembeni. "Nitaingiza sindano ndefu hapa chini ya kifua mpaka kwenye ule mfuko. Akitingishika, nitagusa moyo. Anakuamini?"

"Alikuwa ananiamini jana," nikasema.

"Basi mshike kama jana."

Wakamketisha kitandani ameegemea mito. Nikapanda nyuma yake, nikamshika mabega, mgongo wake juu ya kifua changu. Alikuwa anawaka kama jiko. Akaiona sindano.

"Dresa," akasema, "huyu anajua anachofanya?"

"Anajua kuliko mimi."

"Hiyo si kitu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikahisi mabega yanaanza kukaza, na Miwani amekwisha kupaka iodini, amesimama. Nikatafuta mzaha, mimi ambaye mizaha hunijia hata matangani, nisiupate. Nikakuta swali.

"Kipkemei, nifundishe kumvisha mtoto wa kondoo."

"Sasa?"

"Sasa. Nina haraka."

"Wewe mtu wa samaki."

"Ndiyo maana naomba polepole. Anza."

Kwa pumzi fupi fupi akaanza. "Yule mfu awe bado na joto. Usingoje apoe."

Sindano ikaingia. Nilimsikia anavuta hewa, nikambana. "Na kisu? Kisu kinaanzia wapi?"

"Miguu. Kwa goti. Zungusha." Akafunga macho. "Halafu tumbo... kidogo tu. Usipasue yote. Unamvua kama sweta."

"Kama sweta. Kichwa je?"

"Achana na kichwa. Mama haangalii uso."

Maji yakaanza kupanda kwenye bomba la sindano, rangi ya chai isiyo na maziwa. Miwani akalijaza la kwanza, akalimwaga kwenye beseni, akajaza la pili. Jasho lilikuwa linamtiririka juu ya miwani zote mbili.

"Mkia?" nikauliza. "Mkia naukata?"

"Usikate." Hapo sauti ya Kipkemei ikawa kali, sauti ya bandani. "Mkia ndio barua. Mama anasoma hapo. Ukikata mkia umempa bahasha tupu."

"Nimesikia. Mkia sigusi."

"Na koti... libane. Likilegea linageuka upande. Anasoma mahali sipo."

Bomba la tatu, la nne. Nikahisi mgongo wake unalegea juu ya kifua changu, kidogo kidogo, kama gunia linalofunguliwa mdomo. Alivuta pumzi moja ndefu, ya kwanza tangu sijui lini. Miwani akachomoa sindano, akaketi kwenye kiti kama mtu aliyetoka shambani.

"Nataka kulala," Kipkemei akasema. "Chali."

Tukamlaza. Jepchumba akamwekea ile fimbo kando ya kitanda, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na kujifunika uso kwa leso. Nikamfuata.

"Mama Kimaiyo," nikasema, "lile la banda..."

"Nilikuwepo ulipobeba blanketi," akasema ndani ya leso. "Mimi nilibeba mto. Usijifanye uko peke yako."

Kipkemei alikaa hospitalini wiki saba, nami nikimtembelea kila Ijumaa na lori la sufu. Homa iliondoka siku ya nne ya teramaisini. Sauti ya ngozi ilipotea wiki ya pili. Jibu la damu lilikuja wiki ya sita, karatasi moja, na Miwani akanionyesha kwa kidole: ndiyo, ni ule wa Q. Lakini siku ya kumruhusu alimsikiliza muda mrefu kuliko kawaida, halafu akanipa mimi mipira nisikilize. Palikuwa na mvumo mdogo, kama mtu anapuliza chai.

"Moyo una milango," akamwambia Kipkemei. "Mlango wako mmoja haufungi vizuri. Utaishi nao, ukiulea. Hutabeba kondoo. Hutavuta kondoo. Na lile banda hutaingia tena. Huu ugonjwa hujificha. Ukirudi, utakuja moja kwa moja kwenye ule mlango, na mimi sina dawa ya mlango uliovunjika. Umeelewa?"

"Nimeelewa," Kipkemei akasema. Nilikuwa namwangalia usoni. Alielewa, kama vile mtu anavyoelewa Kiingereza.

Basi nikarudi Dundori na kazi moja kichwani. Niliyatoa majani yote ya bandani nikayachoma, na zile ngozi za paani nikazichoma mwenyewe, uso nimefunga kitambaa cha maji. Nikachimba shimo lenye kina cha mtu, kila zalio na kila mfu wakaingia humo na chokaa. Sakafu inamwagiwa maji kabla ya kufagiwa. Mama mwenye mimba haingii. Nilipomwambia Soksi alivuta soksi zote mbili, lakini alikuwa amepoteza wanakondoo wengi mno mwaka ule, na alinipa chokaa. Watu wakanicheka, nikawapa nafasi, kwa maana anayecheka angalau amesikia.

"Siku hizi kondoo wa hapa wanazikwa vizuri kuliko watu," Waithaka akasema.

"Ukifa nitakuwekea chokaa," nikamwambia. "Sasa chimba."

Kipkemei alipewa kazi ya josho, kusimama mlangoni na kuona kondoo wakipita kwenye maji ya dawa. Ni kazi ya mtu mzee. Aliifanya bila kulalamika, na kila jioni alipita zahanati nimsikilize. Mvumo ulikuwa pale pale, haukuzidi. Miezi tisa haukuzidi. Nilikuwa nimeanza kulala vizuri.

Halafu mwezi wa nne ukarudi, na mvua, na kuzaa.

Ilikuwa asubuhi, kama saa tatu. Kiprugut alikuja zahanati mbio, mikono imejaa damu. Jike amezaa mfu, akasema, na kuna yatima wa tangu jana, hanyonyi, na yeye amejaribu kumvisha, amekataliwa mara mbili. Tena kuna mwingine anazaa vibaya sasa hivi, hawezi kuwa pande zote.

"Na Kipkemei?"

"Amesikia," Kiprugut akasema. "Anakuja."

Nilikimbia, na mimi sikuumbiwa mbio. Nilimkuta amefika mlangoni mwa banda, nje, amesimama na fimbo yake, anapumua kwa mdomo. Jepchumba alikuwa anapanda kutoka mtoni, mbali bado, debe la maji kichwani, ameongeza mwendo.

"Hapo hapo," nikamwambia Kipkemei. "Nitamvisha mimi. Ulinifundisha."

"Ulikuwa unanidanganya nisitingishike."

"Nilikuwa nadanganya na kusikiliza."

Nikafunga kitambaa usoni, nikaingia. Mfu alikuwa bado na joto. Nikakata magoti, nikazungusha. Tumbo kidogo tu. Nikamvua kama sweta, na niseme ukweli, sweta hilo lilinishinda mara mbili, likateleza kama kambare, nikamkumbuka mama yangu ufukweni. Mkia sikugusa. Nikamchukua yatima, mwepesi kama kofia, nikampitisha miguu minne, nikalibana koti kwa uzi wa mishono kutoka mfukoni. Kiprugut aliacha kazi yake kunitazama.

"Mtu wa samaki amevisha," akasema.

Nikamweka mbele ya jike. Akanusa kichwa, akazunguka, akanusa nyuma. Akasimama. Nikazuia pumzi ndani ya kitambaa. Halafu akarudi hatua mbili, akampiga kichwa, yatima akaanguka ubavuni. Nikamwinua. Jike akanusa tena, akampiga tena, na safari hii mtoto hakujaribu kuamka. Alilala na lile koti lake, mbavu zinapanda na kushuka haraka.

Nikageuka mlangoni. "Nimekosea wapi?"

Kipkemei hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama koti, mahali fulani karibu na mkia, kwa macho niliyoyajua, ya mtu anayetaka kurekebisha mwenyewe. Fimbo alikwisha kuiegemeza ukutani. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya komeo la mlango, na vumbi, hata baada ya maji yote niliyomwaga, lilikuwa linaelea kati yetu kwenye mwanga.

"Kipkemei," nikasema. "Niambie kwa mdomo tu. Ndugu yangu, niambie ukiwa hapo hapo nje."